Supu Isiyo na Maziwa

Kwenye basi la kwenda Narragansett, mji wa pwani kusini ya Boston, mama mmoja alikuwa amepakata sufuria iliyofungwa kwa taulo. Mzee aliyeketi jirani yake, ambaye alikwisha kututangazia kwamba yeye ni mtu wa Boston, akanusa akauliza kuna nini.

"Supu ya chaza. Mwanangu anaoa kesho, leo tunakula na wakwe." Akafunua kidogo.

Mzee akachungulia. "Mama, mbona naona mpaka chini? Maziwa yako wapi?"

"Maziwa ni ya ndama, bwana. Huku kwetu chaza hupikwa kwa maji yake mwenyewe, na viazi na kitunguu. Anayetaka maziwa atajitilia bakulini."

"Basi hiyo si supu, ni maji ya kuoshea sufuria!"

Mimi nimekua nikinywa supu hiyo, lakini sikuulizwa.

"Nyie wa Boston mnapika uji mzito wa maziwa ili tusione kwamba chaza ni wawili tu!" mama akamjibu. Abiria wakacheka. Kisha mama akapunguza sauti. "Wakwe zangu nao ni wa Boston. Marehemu mama yangu alipika hivi kwenye harusi yangu. Nikibadilisha leo, nitakuwa nimemwonea haya."

Mzee akasema, "Basi usibadilishe. Lakini hawatakula."

Basi likasimama. Pale kituoni mwanamke aliyevaa vizuri alikuwa akitabasamu, chupa kubwa ya maziwa katika kila mkono.

"Karibu, mkwe! Nimekuletea ya kuungia supu!"

Mama akaikumbatia sufuria yake kwa mikono miwili, akashuka taratibu.