Hezekia Aliyeshusha Magogo Polepole

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, waiteni na majirani. Leo tunamkumbuka Mzee Hezekia Mkumbo wa vilima vya Sekenke, mkulima, mfugaji, mtu usiyeweza kumpita njiani bila kusimama kupeana habari.

Wengi mnamkumbuka kwa magogo. Kijiji kilipata kibali cha kuvuna miti mlimani, kijenge zahanati. Swali likawa moja: magogo yashushwe na nini? Raymond, Msukuma, mtani wake, akaja na trekta.

"Mzee, hao ng'ombe wako watafika mimi nishazeeka!"

"Wewe ulizaliwa umezeeka," akajibiwa.

Wakajaribu njia zote mbili. Ng'ombe walimaliza fungu lao kwa kiangazi kizima; trekta lililimaliza lake kwa siku chache. Lakini trekta lilichongewa barabara mlimani, na mvua ya kwanza ikaigeuza korongo. Tope likashuka, likajaa kisima cha kijiji. Kina mama wakawa wanafuata maji kijiji cha pili.

Basi watu wakasema, ng'ombe ndio nafuu. Mzee Hezekia akakataa! Ndiyo, mwenye ng'ombe ndiye aliyekataa. Mvua ile ile iliwakuta ng'ombe wake mbavu nje, wamechoshwa na magogo, jembe hawaliwezi. Shamba likabaki majani. Mjane wake, Mama Elina, anacheka huku anafuta machozi: "Nilimwambia, baba, trekta umelishinda, mtama umekushinda."

Mkutanoni akasimama. "Kisima ni gharama. Na mgongo wa ng'ombe ni gharama. Msiseme rahisi, kumbe kuna mtu analipa."

Wakakubaliana: ng'ombe washushe magogo hadi bondeni, mara tu baada ya mavuno, mabua ya kuwalisha yakiwa tele. Trekta lisubiri bondeni, lisipande mlima. Zahanati ikasimama. Kisima kikatakata.

Jumamosi, mazikoni, Raymond alilaza fimbo mbele ya jeneza kuzuia njia, kama ilivyo haki ya mtani. "Mzee, trekta langu hili hapa, leo nakubeba bure. Hutaki, sema!" Akainama, akatega sikio. "Haya, inueni mabegani. Anataka kwenda polepole."

Kicheko na kilio vikatoka pamoja.

Mama Elina, watoto, na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayetusikiliza, kabla hujasifu kitu kwa urahisi wake, jiulize: ni nani anafuata maji mbali kwa ajili yake?