Ombi la Mama Wamenyaji kwa Mwenye Kiwanda cha Jemu

"Mgeni rasmi, Diwani Pomfret, karibu Mtaa wa Gleeson, na hongera kwa birika la kunyweshea farasi unalotuzindulia leo."

Ada Tregenza, mmenya matunda katika kiwanda cha jemu cha mgeni huyo huyo, alisoma risala bila kuinua macho. Winnie wake, mchanga wa miezi miwili, alikuwa amepakatwa na jirani.

"Paza sauti, Ada! Tulikuchagua kwa mdomo wako huo!" Bi Dooley, mmenyaji mwenzake, alipiga kelele, wanawake wakacheka. Ada akapaza.

HISTORIA YETU

"Sisi ni mama wamenyaji. Januari pichi zikiiva, kiwanda hutuita sote. Ndiyo maana, tangu enzi za mama zetu, Krismasi ikikaribia tunawaachisha watoto ziwa wazoee chupa, ile ya mpira mrefu, ili mtoto ajinyonyee mwenyewe sisi tukiwa kazini. Tulidhani ndiyo kulea."

MAFANIKIO

"Nesi wa mtaa ametufundisha kuchemsha maziwa na kufunika jagi. Zile chupa tumezivunja, maana mpira wake hausafishiki."

"Yangu niliikanyaga kwa kiatu!" alidakia mtu.

CHANGAMOTO

"Melbourne hii ikiwaka jua, maziwa huchacha kabla ya adhuhuri. Nzi wa mazizini nao hawana adabu. Kiangazi kilichopita kuhara kuliingia nyumba kwa nyumba. Wanyonyao ziwa wengi walipona. Wa chupa tuliwazika. Tulikuwa tumewaachisha kwa mikono yetu wenyewe, Mgeni rasmi, na inatuuma mno."

Hapo hakuna aliyecheka. Bi Dooley alijifuta macho kwa aproni.

MAOMBI

"Tunaomba lango la kiwanda lifunguliwe kidogo asubuhi na alasiri, watoto waletwe, tuwanyonyeshe palepale. Muda huo tutaufidia jioni. Krismasi ni wiki ijayo, na bado hatujawaachisha, maziwa tunayo vifuani."

Diwani alivua kofia, akatabasamu. "Ombi zuri, mama zangu. Tutalitazama msimu ukiisha."

Ada alimtazama Winnie, kisha akamgeukia mgeni. Hili halikuwa limeandikwa popote.

"Msimu ukiisha, bwana mkubwa, tutakuletea nani hapo langoni?"

Diwani alirudisha kofia kichwani. Ada akasoma mstari wa mwisho, maana ndivyo alivyokubaliana na wenzake.

"Mungu akulindie wajukuu wako wote. Ni sisi, Mama Wamenyaji wa Mtaa wa Gleeson."