Jiko la Uzazi na Tangi la Matumbawe

BIBI RUKAYA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAULIDA: Shikamoo bibi. Ni mie Maulida, huku Visiga.

BIBI RUKAYA: Marahaba mjukuu wangu. Huku Kisarawe mvua, simu inakoroma. Kichanga hajambo?

MAULIDA: Hajambo, kalala. Bibi, matumbawe ya Twalibu yanakufa.

BIBI RUKAYA: Yale ya kwenye tangi la kioo?

MAULIDA: Hayohayo. Yanameguka kama biskuti iliyolowa. Mwenye hoteli aliyeyanunua anayafuata kesho. Miaka mitatu mume wangu anayalea, kasafiri wiki nne tu kaniachia mie. Huyo mwenye hoteli nitamwambia nini?

BIBI RUKAYA: Taratibu. Umeyatilia nini?

MAULIDA: Sijatia kitu. Nimempigia Twalibu, kasema nipime maji. Yamechacha. Anasema tumbawe hujijengea mifupa kwa chokaa ya majini, maji yakichacha mifupa inalika.

BIBI RUKAYA: Kama ganda la yai kwenye siki.

MAULIDA: Ndivyo. Sasa kinachochachua hatukioni. Chumvi ileile, pampu inazunguka— [mkwaruzo]

BIBI RUKAYA: Haloo?

MAULIDA: Nipo. Kaniuliza na hewa ya chumbani, eti maji huivuta. Nikamwambia mbona kawaida.

BIBI RUKAYA: Tangi liko chumba gani?

MAULIDA: Hikihiki ninacholala na mtoto.

BIBI RUKAYA: Na jiko la mkaa?

MAULIDA: Kando ya kitanda, kama ulivyoniagiza. Madirisha nimeziba kwa khanga, upepo usiniingie.

BIBI RUKAYA: Yote umeziba?

MAULIDA: Yote, bibi.

BIBI RUKAYA: Kichwa chako kikoje?

MAULIDA: Kinagonga tangu juzi. Si ulisema ni uzazi?

BIBI RUKAYA: Nilisema. Mtoto kalala tangu saa ngapi?

MAULIDA: Tangu asubuhi. Kawa mpole siku hizi, hata kunyonya mpaka nimwamshe.

BIBI RUKAYA: Mbebe, utoke nje.

MAULIDA: Bado siku kumi na tatu nitimize arobaini. Wewe mwenyewe uli—

BIBI RUKAYA: Nilikosea. Mbebe, utoke.

MAULIDA: Na matumbawe?

BIBI RUKAYA: Hayo yameshasema: hewa ya mkaa imejaa humo. Toka, mlango uache wazi. Simu usikate.

[hatua; komeo]

MAULIDA: Niko barazani. Bibi, hafumbui macho.

BIBI RUKAYA: Msugue nyayo. Muite jirani, mwende zahanati sasa hivi.

MAULIDA: Mama Blessing! Mama Blessing, njoo— Bibi, salio linaisha, simu imeshalia kuonya.

BIBI RUKAYA: Nitakupigia mie. Msugue.

MAULIDA: Ngoja. Ngoja—

[kilio chembamba cha mtoto]

MAULIDA: Shii, mwanangu, shii—

BIBI RUKAYA: Usimbembeleze. Mwache alie avute hewa, Maulida. Msogezee simu ni—

[simu imekatika]