Hesabu Isiyokuwa na Milima

Ndugu zangu, amani iwe kwenu nyote, hata ninyi wa kwaya mlioanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Chekeni kabisa, mmalize. Leo nimekuja kushuhudia jambo ambalo nusu yake mnaijua, na nusu nyingine niliificha majanini.

Mnakumbuka nilisimama hapa hapa na diplome yangu ya masomo ya usiku mkononi, wino haujakauka. Nikatangaza kwamba siku ya ndoa ya mtoto wa dada yangu, kule Fungurume, sitapanda lori la kwaya. Nitaenda na baiskeli, kinga yangu hii mnayoijua, na nitafika mbele yenu. Mliniwekea nafasi karibu na dereva, nikaikataa. Mtu aliyeanza kusoma akiwa na mvi habebwi kama gunia.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Kutoka hapa Kolwezi mpaka Fungurume ni kilomita mia na kidogo. Kinga yangu inakimbia kilomita ishirini kwa saa. Gawanya. Nafika, naoga, nalala, naamka, ndipo kwaya wanaingia. Mke wangu aliitazama ile karatasi, akauliza, "Na milima uliiweka wapi mu hii hesabu?"

Nikamwambia, "Mama, milima ni jeografia. Hii ni hesabu."

Sasa, dada yangu alishatangulia kwa Mungu, na kwetu binti haondoki nyumbani mpaka ndugu wa mama yake aseme neno. Hata watoe mbuzi kumi, bila neno la mjomba bado. Na mjomba aliyebaki ni mimi peke yangu. Neno lilipangwa saa tisa mchana. Wakwe walitoka Likasi, na walisema wazi: basi lao likiondoka bila neno, ndoa inangoja kiangazi kingine.

Nilitoka nyumbani, mtaa wa Kapata, alfajiri, nimevaa koti langu la rangi ya maziwa, maana koti likikunjwa mfukoni linapoteza heshima. Mwanzo, nawaambia, hata ndege waliniomba nipunguze mwendo. Kisha nikakuta malori ya madini yamepanga mstari. Yalikuwa elfu moja. Mke wangu anatikisa kichwa pale; tuseme mia tisa. Nikabeba kinga begani, nikapita porini kama swala aliyefunga tai.

Kabla ya Tenke kuna mlima. Chini yake nilikuta wanaume watatu wa makala, haya makaa ya kupikia, kila mmoja amefunga magunia juu ya kinga mpaka yanampita kichwa. Mnajua desturi yao: hakuna anayepanda mlima peke yake. Wote wanasukuma kinga moja mpaka juu, wanashuka kuchukua ya pili, hivyo hivyo mpaka ziishe. Na anayewakuta akiwa hana mzigo, anasukuma nao. Mkubwa wao, mwenye kofia nyekundu, akanisalimia kwa heshima ya baba.

"Jambo, tata. Kuya utusaidie, tuko batatu tu."

"Mi niko na haraka, tata. Niko naenda kusema neno kwa ndoa."

Akalitazama koti langu, juu mpaka chini. "Pita, tata. Mulima haukimbiake."

Nikapita. Nyuma nikasikia wanacheka, nikadhani ni wivu.

Pale Tenke treni ya mizigo ilikuwa imesimama katikati ya barabara, imelala usingizi. Mama mmoja muuza mihogo aliniambia ilisimama yeye akiwa bado msichana. Nikangoja. Jua likapanda. Watu wa makala wakanifikia, wakakaa karibu yangu, wakanunua mihogo, wakanigawia. Nikasema nimeshiba. Tumbo langu, ambalo tangu alfajiri lilikuwa limekula hewa tu, likasema jambo lingine kwa sauti. Kofia Nyekundu akalijibu kwa adabu: "Tumesikia, tata."

Treni ilipoamka nikaruka juu ya kinga, niwaache tena. Katikati ya mlima wa pili mnyororo ukakatika. Natazama saa: saa saba imeshapita. Sikuwa na waya, sikuwa na koleo, sikuwa na maji. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne kwa Kifaransa.

Ndipo nikasikia nyimbo. Lori la kwaya linakuja.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoanguka, na sikuanguka kutoka kwenye kinga. Nafasi yangu karibu na dereva ilikuwa bado wazi. Nilitakiwa kuinua mkono tu. Badala yake nikaivuta kinga majanini, nikalala kifudifudi na koti langu, mpaka lori likapita. Nikabaki na sisimizi. Nikamfikiria yule mtoto, amevaa nguo nyeupe, anachungulia barabara, na mjomba wake amejificha kama kanga wa porini. Nililia. Kidogo tu, wino wa hotuba ukaharibika.

Nilipotoka, Kofia Nyekundu alikuwa amesimama barabarani.

"Tata wa haraka. Ile haraka yako ilienda wapi?"

Nikavua kiburi cha diplome. Nikasema, "Baba, nisaidie. Mutoto wa dada yangu ataachwa juu yangu mimi."

Hakucheka. "Tutakusaidia. Lakini mulima ni mulima. Anza kusukuma."

Nikasukuma kinga tatu za makala, moja baada ya nyingine, na yangu ikawa ya nne. Kule juu wakaunga mnyororo kwa waya waliofungia gunia. Akasema, "Sasa kimbia."

Nilifika saa tisa na nusu imepita. Mlangoni alisimama shemeji yangu mwenyewe, baba wa bibi harusi. Akanitazama, akasema, "Makala tulishanunua, tata. Jaribu nyumba ingine."

Ndani kwaya walikuwa wanaimba. Wakwe wamesimama, mifuko mikononi, hawawezi kutoka, maana nani anatoka katikati ya wimbo wa sala? Ule wimbo una beti nne. Siku ile ulifika ubeti wa arobaini. Mwishoni walikuwa wanaimba majina ya vituo vya treni.

Yule mtoto akatoka chumbani. Kwangu mimi kilichobaki cheupe ni meno tu.

"Papa, huyu hauzishake makala," akamwambia baba yake. "Huyu njo mama yangu mwanaume."

Akanikumbatia. Mgongo wa nguo yake ukabaki na mkono wangu mzima, vidole vitano, na picha zote za ndoa ziko hivyo. Hotuba ilikuwa imegeuka uji mfukoni. Nikawaambia wakwe, "Mumuchunge. Ni wa dada yangu." Ikatosha.

Baadaye nikamuuliza mama mmoja wa kwaya, simtaji, ingawa sasa hivi anajifuta macho na kitambaa cha njano: mlijuaje kwamba nitafika?

"Tata, tulikuona mu majani. Ile koti inaonekana mpaka Lubumbashi. Tuliwaza ulienda kujisaidia, njo tukapita na heshima. Tukajua hauko mbali."

Namshukuru Mungu. Nawashukuru watu wa makala. Jioni walifika, wakala nasi, na Kofia Nyekundu tulimkalisha upande wa wajomba. Nawashukuru kwaya kwa beti thelathini na sita ambazo hazijaandikwa popote. Namshukuru mke wangu, aliyeuliza swali la milima mara moja tu kwa mdomo. Kwa macho analiuliza kila siku.

Na ninyi mnaosoma usiku kama mimi, pigeni hesabu, ni jambo zuri. Lakini acheni nafasi ya mlima, na kwenye mlima acheni nafasi ya mkono wa mtu mwingine.

Koti lenyewe ndilo hili. Limefuliwa mara sabini, msilisogelee. Kutoka hapa mpaka Kapata ni mwendo, na leo nimekuja kwa miguu. Kuna tata mmoja hapa ana gari lenye nafasi. Tata, sijifichi tena. Mkono wangu ndio huu, nimeuinua.