Cheti cha Flavia

Kissa, sogeza simu karibu na mdomo wangu, na usiizime hata nikikohoa. Flavia, mwanangu uliyeko Tukuyu, nisikilize. Na wewe Kissa, mtoto wa marehemu dada yangu, kaa hapohapo, usijifanye unakwenda kuchemsha maji. Daktari wa hapa Guangzhou amesema ni siku chache. Nilimsikiliza kama anayenitajia bei ya viatu.

Mwaka ule nilipopata kibali cha kuishi huku, niliruhusiwa kumleta mtoto wa kuzaa, mwenye umri chini ya miaka kumi na minane. Flavia ulikuwa na kumi na sita, uko shule, unalala kwa bibi yako, unakula unashiba. Kissa alikuwa na kumi na tisa, mama yake ndiyo kwanza kazikwa, na baba zake wadogo wameshapokea ng'ombe za mahari kwa mzee mmoja. Basi nikachukua cheti chako cha kuzaliwa, Flavia, nikakitolea pasipoti yenye picha ya Kissa. Nilijiambia wewe utafuata. Nilipokwenda uhamiaji wa huku kuulizia, mama wa dirishani akatazama kompyuta, akasema binti yangu yuko hapa tayari. Mwingine meiyou, hakuna. Nikarudi sokoni Sanyuanli kufunga marobota.

Mwaka jana uliomba pasipoti uje kuniuguza, wakakwambia unayo. Ukanipigia ukilalamika, nami nikasema, jamani, hao watu wazembe kweli! Hawakuwa wazembe, mwanangu. Ni mimi.

Silii. Nimejaribu, machozi hayaji.

Nyumba na shamba la chai ni vya Flavia, na mjomba wenu, kaka yangu, asitie mguu. Kissa, uza mzigo uliobaki stoo, kisha urudi nyumbani ukaseme yote uhamiaji, umrudishie mwenzio jina lake. Waambie aliyefanya ni mimi, marehemu hafungwi. Flavia, ukitaka kumchukia mtu, nichukie mimi, yeye muache.

Ngoja... nipumue. Hospitali hawatoi mwili bila mtoto wa kuzaa kusaini. Atasaini Kissa. Ataandika jina lako, Flavia, lote, pamoja na la baba yako. Usimgombeze.

Mungu awashike mikono... wewe na yeye. Nimewaridhia. Kissa, inua mto kidogo... basi, inatosha.

Flavia. Kwa karatasi zao... utakuwa ulikuwepo.