Msiifunge Kliniki ya Wasioongezwa Damu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe daktari wetu unayestaafu leo, ambaye sisi wagonjwa tumekubandika jina la Mama Taratibu: hamjambo?

Nimeambiwa niseme machache ya kumuaga. Nitasema, ila si yale mliyoyatarajia.

Mimi ni fundi cherehani. Nyonga yangu ya kulia ilisagika hadi nikashindwa kukanyaga pedali. Imani yangu hainiruhusu kuongezwa damu, na kila daktari niliyemwendea aliniambia nikafikirie upya. Nifikirie nini? Imani ni koti, nilivue mlangoni kwenu? Hata kaka yangu alinijia juu: "Dada, kubali tu, Mungu ataelewa." Nikamwambia, "Siku akikutuma, nitakusikiliza."

Mama Taratibu hakunibembeleza. Alisema, "Ukivuja sana unaweza kunifia mezani. Unalijua hilo?" Nikasema nalijua. "Basi tutahakikisha huvuji." Akanipa sindano za madini ya chuma, akagoma kunipasua mpaka damu yangu ipande. Hata ya kupimia aliichukua kwa vichupa vya watoto wachanga; muuguzi aliyeleta chupa kubwa alirudishwa nayo. Na kwenye upasuaji alifunga kila kishipa kilichovuja kabla ya kusonga mbele. Wenzake walimcheka eti anadarizi. Na adarizi! Nguo ya harakaharaka naijua mimi inavyofumuka.

Leo nimepanda jukwaani bila fimbo, mmeniona.

Sasa nasikia, Mheshimiwa, kwamba akiondoka yeye kliniki yetu inafungwa, eti hakuna wa kuirithi. Hakuna? Na hawa aliowafundisha ni mapambo? Nyonga yangu ya kushoto imeanza kuuma. Damu ya mtu sikuchukua jana, na kesho sichukui. Niite mkaidi, sawa, lakini hata mkaidi anataka kutembea. Nikaozee kitini kwa sababu ninyi mmechoka kufunga vishipa?

Madaktari mliofundishwa na mama huyu, nawaomba msimame. Msimwangalie Mkurugenzi, niangalieni mimi. Haya, wewe wa miwani, asante mwanangu. Na wewe. Na wewe pale nyuma, simama tu, hutafukuzwa peke yako.

Mheshimiwa, warithi hao hapo. Mama Taratibu, nenda kapumzike. Tunakupenda na tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza hata palipowachoma.

Daktari wa miwani, Jumatatu nakuja kliniki. Nikukute.