Mwisho Uko Ipuli

Treni ilipoondoka Tura, Mektilda alimwamkia Mzee Fakhrudin, mwenye duka mjini Tabora, akaendelea na riwaya yake nene. Mabaharia wa Norwe wamemteka binti wa mfalme wa Ayalandi, na sasa nahodha anataka kumuoa.

"Atakubali tu," Mektilda alisema. "Wameshazoeana."

"Hakubali, binti yangu. Anatoroka kwenda kwao." Mzee aliongea kama mtu aliyekuwepo.

"Umekisoma kitabu hiki?"

"Kurasa za mwisho. Kilipita dukani kwangu."

Mektilda akafunua nyuma. Zilikuwa zimechanwa.

"Na anafika?"

"Sijui. Nilipofikia hapo mama mmoja wa mtaa wa Ipuli alitaka bizari, nikamfungia kwa karatasi hiyohiyo."

Treni ikasimama Tabora. Mektilda akamzibia mzee njia.

"Ipuli, karibu na wapi?"